Pwani ya Puglia kwa Gari: Mwongozo wa Wawili Wasio na Haraka

Ukisema unakwenda Italia kuzunguka miji ya pwani kwa gari, kila mtu atakutajia Amalfi na Cinque Terre. Kuzuri, sibishi. Lakini kwa gari la kukodi, na mwenzako pembeni unayetaka mrudi mkiwa bado mnasemeshana, sikushauri. Barabara ya Amalfi, SS163, imechongwa ubavuni mwa mlima na ni nyembamba. Basi likikutana na basi kwenye kona, wote waliofuata nyuma wanaanza kurudi kinyumenyume. Baadhi ya siku za msimu wa watalii magari huruhusiwa kwa zamu, kwa kufuata tarakimu ya mwisho ya namba ya gari. Cinque Terre ndiyo kabisa: kuna treni kati ya La Spezia na Levanto inayosimama vijiji vyote vitano, gari utalitembeza la nini? Huko nendeni kwa treni na boti. Gari lipelekeni Puglia, kwenye kisigino cha ile nchi yenye umbo la kiatu.

Puglia ni tambarare. Kutoka Bari kushuka hadi Lecce ni barabara ya njia mbili kila upande, SS16 kisha SS379 kisha SS613, na hulipii hata senti. Bahari mnayo kushoto muda mwingi. Na kwa kuwa kisigino ni chembamba, upande mmoja ni Adriatiki na mwingine ni Ionia, mnaweza kuoga bahari mbili siku moja mkitaka. Mzunguko nitakaoueleza unaanzia Bari na kuishia uwanja wa ndege wa Brindisi, nao hauzidi sana kilomita 400. Mtu mwenye pupa anaumaliza kwa siku mbili. Nyinyi upeni siku kumi, na ukiacha usiku wa Bari, mlale sehemu tatu tu: Monopoli, Otranto, Gallipoli. Kufunga na kufungua mabegi kila asubuhi ndiko kunakoharibu safari za wawili, hata kabla ya barabara.

Nendeni Mei, Juni, au Septemba. Mei maji bado yana baridi, Septemba bahari imeshapata joto la kiangazi chote na watu wamepungua. Agosti msisogee. Tarehe 15 ya mwezi huo ni Ferragosto, sikukuu yao ya kiangazi, na Waitaliano wenyewe wote wako pwani na familia zao, bei ziko juu na chumba hupati.

Makaratasi na gari

Kama mnahitaji viza ya Schengen, ombeni mapema na mkate bima ya safari isiyopungua euro 30,000, maana bila hiyo ombi halipokelewi. Dereva mwenye leseni isiyo ya Umoja wa Ulaya abebe pia kibali cha kimataifa cha udereva, pamoja na leseni yenyewe. Kibali peke yake hakitoshi.

Gari chukueni dogo. Nasema dogo kweli, lile ambalo mabegi mawili yakiingia buti limejaa. Mitaa ya miji hii ilijengwa kwa ajili ya punda. Kama dereva wenu hajazoea gia za mkono, agizeni otomatiki wiki nyingi kabla, kwa sababu magari mengi ya kukodi kule ni ya gia za mkono na otomatiki huisha haraka. Kadi ya mkopo iwe na jina la dereva, si la mwenza wake, maana amana inazuiwa humo. Kabla hamjaondoka, pigeni picha kila mkwaruzo, rimu zote nne, na kipimo cha mafuta. Kijana wa kaunta atawaambia hakuna haja. Pigeni tu.

Msichukue gari siku ya kufika. Bari ni mji wa kutembea, na treni inawatoa uwanja wa ndege hadi katikati. Tembeeni Bari Vecchia kwanza: akina mama wanakaa mlangoni mtaa wa Arco Basso wakisokota orecchiette, tambi ndogo za pale, kwa kidole gumba, na Basilika ya San Nicola ina masalia ya Mtakatifu Nikolasi yaliyoletwa na mabaharia mwaka 1087 kutoka Myra, iliyo Uturuki ya leo. Kuleni focaccia ya Bari, mkate bapa wenye nyanya na zeituni ikiwa bado ya moto. Gari lichukueni siku ya kuondoka mjini.

Kulia, bwana, kulia

Italia wanaendesha kulia. Mtu aliyezoea kushoto hapati tabu kwenye barabara kuu, anafuata wenzake. Tabu iko asubuhi mkitoka maegesho ambako hakuna gari jingine, na kwenye kona ya kuingia kushoto. Kwa hiyo kazi zigawanywe. Kwetu mzee wangu, yaani mume wangu, anaendesha, mimi nashika ramani, sarafu na mdomo. Kila tukiwasha gari nasema, "Kulia, bwana," naye anajibu, "Kulia, bibie," hata kama tunatoka tu kununua maji. Kwenye kipilefti mnaingia kwa kukata kulia, mnazunguka kinyume cha mwendo wa saa, na kumpisha anayetoka kushoto, ambaye tayari yumo ndani. Mkikosa tokeo, zungukeni tena. Hakuna anayewadai.

Mwendo ni kilomita 50 kwa saa mjini, 90 nje ya mji, 110 kwenye barabara kuu za njia mbili pale ambapo kibao hakisemi vingine, na mara nyingi kinasema vingine. Nje ya mji taa ziwake hata mchana. Nyuma yenu atatokea mtu mwenye haraka, atawasogelea mpaka mnaona macho yake kwenye kioo. Sogeeni kulia, mwacheni apite. Nyinyi mko likizo, yeye anawahi kazini.

Sasa jambo lenyewe: ZTL. Hizi ni herufi za zona a traffico limitato, eneo la mji wa kale ambako gari la mgeni haliingii saa fulani au haliingii kabisa. Mlangoni kuna kibao chenye duara jekundu, tupu katikati, na kamera juu yake. Hakuna kizuizi wala askari. Unapita, kamera inasoma namba yako, unaendelea na maisha. Miezi kadhaa baadaye kampuni ya kukodi inakukata ada yake ya kupeleka jina lako kwa polisi, kisha faini yenyewe inakufuata, euro 80 na ushee kwa kila mpito. Ukizunguka mtaa mara tatu ukitafuta hoteli, hesabu mwenyewe. Pakiwa na kibao cha taa, kinasema varco attivo, maana yake kamera inafanya kazi na usiingie. Varco non attivo, pita. Wengi wanayasoma haya kinyume kwa kuona neno "non" na kudhani wamekatazwa. Programu za ramani zisiaminiwe hapa, zinakupeleka mlangoni mwa hoteli bila kujali kamera. Dawa ni moja: kabla ya kufika, mwandikie mwenye nyumba umuulize, "Gari naliacha wapi?" Kama nyumba iko ndani ya ZTL, wengine wanaweza kuiombea namba ya gari lako ruhusa ya kushusha mabegi. Pata jibu kwa maandishi.

Maegesho yanasomwa kwa rangi ya mistari. Nyeupe ni bure, ila angalia kama kuna kibao cha muda. Buluu ni ya kulipia kwenye mashine, karatasi unaiweka mbele ya kioo. Njano si yako, ni ya wakazi, walemavu au magari ya mizigo. Mimi nashauri gari lilazwe nje ya kuta za mji na lisiguswe hadi siku ya kwenda mbali. Mnatembea dakika kumi, mnapunguza ugomvi wa saa nzima.

Mafuta: benzina ni petroli, gasolio ni dizeli. Angalieni kifuniko cha tangi kabla ya kugusa pampu. Kwenye sheli moja huwa kuna bei mbili, fai da te unajaza mwenyewe, servito unajaziwa, na ya kujaziwa ni ghali zaidi. Mchana na Jumapili mhudumu hayupo, unalipa kwenye mashine kwanza. Ukiingiza noti kubwa kuliko mafuta yanayoingia, mashine hairudishi chenji, inatoa karatasi ya kudaia siku mwenye sheli akiwepo. Tumieni noti ndogo.

Monopoli, na Polignano kwa treni

Kila mtu analala Polignano a Mare. Laleni Monopoli, kituo kimoja cha treni kuelekea kusini, bei nafuu na mji unaoishi maisha yake. Bandari ya zamani ina boti za mbao za buluu zenye ukingo mwekundu, na wavuvi wanarekebisha nyavu hapo hapo. Ufuo mdogo wa Cala Porta Vecchia uko chini ya ukuta wa mji, mnatoka kitandani na taulo begani.

Polignano nendeni asubuhi na mapema, kwa treni. Ghuba ya Lama Monachile, ile ya kwenye picha zote, ni ufuo mfupi wa kokoto kati ya majabali mawili, na ikifika saa nne hakuna pa kuweka mguu. Kuna sanamu ya Domenico Modugno, mwimbaji aliyezaliwa hapo mwaka 1928, amefungua mikono kuikumbatia barabara. Watawauzia pia kahawa maarufu ya mji, yenye ganda la limau na krimu, lakini ina pombe ya amaretto ndani. Sisi hatunywi, tuliipita.

Na hapa niseme ya chakula kwa wasiokula nguruwe. Pwani hii ni rahisi, maana pweza, ngisi, kamba na kome ndivyo vinavyotawala meza. Muombe tiella, wali uliookwa na viazi na kome, au fave e cicoria, maharage mapana yaliyopondwa na mboga chungu pembeni. Shida iko kwenye unga. Mafuta ya nguruwe, strutto, yanaingia kwenye baadhi ya mikate na kwenye pasticciotto, kitobosha kitamu cha Lecce chenye krimu ndani. Uliza, "C'è strutto?" Wapo wanaooka kwa siagi, nao watakwambia kwa fahari.

Samaki mzima kwenye menyu anaandikwa bei ya etto, yaani gramu 100, si bei ya samaki. Mwambie mhudumu ampime kwanza, utajiwe jumla, ndipo uitikie. Si aibu, wenyeji wanafanya hivyo. Kwenye bili mtaona coperto, euro mbili au tatu kwa kila kiti, ni ada ya meza na mkate na mtu halaghaiwi. Kahawa ukinywa umesimama kaunta ni euro moja na senti kidogo, ukikaa mezani bei inapanda. Jikoni hufungwa kama saa nane na nusu mchana na hakufunguki mpaka saa moja na nusu usiku. Maduka nayo yanalala. Usipambane na hilo, lala nawe. Sheria yetu ni kwamba baada ya chakula cha mchana hakuna kuendesha: jambo moja asubuhi, jambo moja jioni, na katikati ni usingizi au bahari.

Kushuka kwenda Otranto

Siku ya kuhama, pitieni barabara ya zamani kati ya Monopoli na Ostuni badala ya kukimbilia ile kubwa. Mashamba ya mizeituni yamejaa miti ya mamia ya miaka, shina limejipinda mpaka linatoboka katikati, na kuta za mawe yaliyopangwa bila saruji zinafuata barabara. Ostuni yenyewe ni mji mweupe juu ya kilima, unatosha kwa kahawa na kupanda ngazi.

Mkishuka zaidi, baada ya Lecce, mtaona jambo la kuhuzunisha. Mizeituni imekauka, kijivu, mashamba kwa mashamba. Ni bakteria ya Xylella, iliyogunduliwa karibu na Gallipoli mwaka 2013 na kusambazwa na mdudu mdogo anayefyonza maji ya mti. Mamilioni ya miti imekufa. Ukiona miche michanga imepandwa kwa mistari, hiyo ni aina inayostahimili ugonjwa.

Otranto ipeni siku tatu, hata nne. Kanisa kuu lina sakafu nzima ya mozaiki iliyotengenezwa na mtawa Pantaleone kati ya 1163 na 1165: mti mkubwa unaota juu ya migongo ya tembo wawili, na matawini wamo Nuhu na safina yake, Aleksanda Mkuu, Mfalme Arthur, na kazi za kila mwezi wa mwaka. Mzee wangu ni mtu wa kusoma kila kibao kwa sauti, na hapa nilimwacha asome mpaka achoke. Kando kuna makabati ya kioo yenye mafuvu ya watu wapatao 800 waliouawa jeshi la Waosmani lilipouteka mji mwaka 1480. Papa Francis aliwatangaza watakatifu mwaka 2013. Ni historia chungu, na ukiwa Mwislamu unaisoma kwa moyo mzito zaidi. Ingieni asubuhi, magoti na mabega yafunikwe.

Capo d'Otranto, kusini kidogo, ndiyo ncha ya mashariki kabisa ya Italia bara. Anayependa kuamka alfajiri aende huko kuona jua likichomoza. Mwenye usingizi alale, si lazima kila kitu kifanywe na wote wawili.

Sasa siri ya wenyeji, ambayo ina faida kuliko orodha yoyote ya fukwe: kabla ya kuamua bahari, uliza upepo. Ikivuma tramontana, ya kutoka kaskazini, Adriatiki inachafuka, basi mnavuka kwenda Ionia na kuikuta imetulia. Ikivuma scirocco, ya joto na unyevu kutoka kusini mashariki, mnafanya kinyume. Kisigino ni chembamba, ni mwendo wa chini ya saa moja. Muulize muuza kahawa, "Che vento c'è oggi?" Hatakosea.

Barabara ya Otranto hadi Leuca, SP358, ndiyo sababu ya kukodi gari. Ni kama kilomita 50 juu ya majabali, kona baada ya kona lakini bila ule wazimu wa Amalfi. Ipeni siku nzima. Simameni Santa Cesarea Terme, mji wa maji moto ya salfa wenye jumba la Villa Sticchi na kuba lake la mtindo wa Kiarabu. Simameni Castro mle mchana bandarini. Marina Serra kuna bwawa la asili lililozungukwa na miamba, zuri kwa asiyejiamini majini. Upande huu wote ni miamba, si mchanga, kwa hiyo viatu vya maji ni lazima, la sivyo wale viumbe wenye miiba watawafundisha adabu. Minara ya mawe mtakayoiona ilijengwa zaidi karne ya 16 ili kuwaona maharamia mapema.

Leuca ni mwisho wa nchi. Kuna mnara wa taa wa mita 47 na kanisa la hija kando yake. Piga picha, kunywa caffè in ghiaccio, kahawa juu ya barafu yenye tui la lozi, songa mbele.

Gallipoli na kurudisha gari

Fukwe za mchanga ziko huku, upande wa Ionia. Sehemu kubwa ya ufuo imekodishwa kwa lido zenye viti na miavuli ya kulipia. Palipoandikwa spiaggia libera ni bure, mnakuja na mwavuli wenu. Pescoluse wanapaita Maldivi ya Salento (Salento ni jina la kisigino chenyewe), na kwa rangi ya maji hawajatia chumvi sana, ila mwezi wa saba hamna pa kukaa. Mimi napenda zaidi Porto Selvaggio, karibu na Nardò: mnaacha gari juu, mnatembea kati ya misonobari hadi kwenye maji ya baridi.

Mji wa kale wa Gallipoli uko kisiwani, umeunganishwa kwa daraja, na soko la samaki liko hapo hapo. Kamba wa zambarau wa Gallipoli wanaliwa wabichi, kwa limau na mafuta ya zeituni. Mzee alikataa. Mimi nilikula ya wote wawili. Chini ya jumba la Palazzo Granafei kuna kinu cha mafuta kilichochongwa ndani ya mwamba. Mafuta hayo hayakuwa ya kula, yalikuwa ya taa, na bandari hii iliyauza hadi London. Jioni kaeni kwenye kuta za upande wa magharibi, mji mzima unatoka kutembea.

Siku ya mwisho, Gallipoli hadi uwanja wa Brindisi ni kama kilomita 85 kwa SS101 na SS613, zote hazina malipo. Jazeni tangi kabla ya kuukaribia uwanja, na muitunze risiti ya mafuta. Kama kaunta imefungwa na ufunguo unatumbukizwa sandukuni, pigeni tena picha zile zile mlizopiga siku ya kwanza, pamoja na kilomita zilizosomeka. Mkataba wa gari msiutupe mkifika nyumbani. Kwa mtu anayeishi nje ya Italia, sheria inaipa mamlaka siku 360 za kumfikishia faini, kwa hiyo wekeni karatasi hizo mwaka mzima, na kadi iliyotumika msiifunge bila kuangalia makato yake.